O ya Pili Iko Mlangoni Kwangu

Ndugu Meneja wa Jengo,

Pokea heshima zangu kutoka chumba namba nne, kwangu mimi fundi cherehani, mpangaji wako wa mwaka wa kumi na moja. Naandika nikiwa nimeketi, maana nikisimama hasira hunipanda.

Jambo lenyewe ni herufi. Wiki iliyopita ulimleta mpwa wako, yule binti msanifu wa mabango, akachora neno CHOO ukutani. Sina ugomvi na choo; ni jirani yangu na tunaheshimiana. Lakini herufi zile ni nene kama mapipa, hazina mkia wala pambo, na kila O ni duara kamili la bikari. Nilimuuliza mbona kubwa hivi. Akanijibu, "Mjomba, herufi hizi zinahitaji nafasi ya kupumua." Basi zimepumua mpaka kwangu: O ya pili iko juu ya mlango wangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu aliingia baba mmoja mtu mzima, kashika mkanda, akasema, "Fundi, nimebanwa!" Nikamwambia asijali, nitamwongezea inchi mbili kiunoni, nikaanza kumpima. Yaliyofuata hayafai kuandikwa kwenye barua rasmi.

2. Watu wanabisha hodi kwenye pazia la kujaribia nguo. Juzi bibi harusi alikuwa ndani, gauni limemkwama kichwani, akaitika, "Namalizia!" Nilipogeuka, foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Alipotoka na shela, wakampigia makofi.

3. Mke wangu, ambaye ndiye hutia vifungo, amehamishia kazi nyumbani. Anasema hawezi kuulizwa karatasi ziko wapi mara tisa kabla ya chai ya asubuhi.

4. Kwa kuwa umma umeshaamua, naomba moja kati ya mawili: herufi zipunguzwe, au unitambue rasmi kuwa choo, uniletee bomba, ndoo na mtu wa usafi, nami nitashona pale foleni inapopungua.

Nisalimie mlinzi, dada wa mapokezi na mama watoto wako. Mpwa wako pia msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi, ninayengoja jibu mlango ukiwa umefungwa,
Fundi wa chumba namba nne

N.B. Mpwa wako amepita sasa hivi. Nilikusudia kumgombeza, lakini alichukua chaki yangu akaandika USHONAJI juu ya meza ya kukatia, kwa herufi zilezile. Ndugu Meneja, miaka yote hii sikujua kuwa mimi ni fundi mkubwa kiasi hicho! Kesho anachora ukutani. Neno halitoshi upande wangu, kwa hiyo kuanzia O litaangukia kwa jirani yangu wa upande wa pili, muuza miwani. Akikuandikia barua usimsikilize. Yule bwana anapenda sana kulalamika.