Kiti cha Meno cha Ghorofani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru wa kushindwa kuuleta udhuru wa kwanza. Mwakilishi wa mwakilishi, ambaye baada ya kupekua ratiba tumegundua kuwa ni mimi mwenyewe. Viongozi wa dini kutoka Nyegina, ambao sala yenu ya ufunguzi ilikuwa fupi kiasi cha kunitia aibu kwa haya yatakayofuata. Wazee wetu wa Butiama mliokuja na fimbo zenu na subira yenu. Wakulima wa pamba na wafugaji wa Bunda. Ndugu zetu wavuvi wa Musoma. Wadau wa maendeleo, na wadau wa wadau. Na ninyi wenye meno yanayouma, ambao ndio wengi na ndio mliokaa juani: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kwa wasionifahamu, ingawa picha yangu iko kwenye fulana mlizovaa, mimi ni Baltazari Keraryo, Mratibu Mwandamizi wa Mpango Jumuishi wa Afya ya Kinywa, Kanda Ndogo ya Musoma, Bunda na Butiama. Cheo ni kirefu, nakiri. Nikikitaja chote mate yananikauka, na mke wangu nyumbani amekifupisha, ananiita "wewe". (Kicheko.)

Ndugu wananchi, tumekusanyika hapa Bunda, chini ya jengo letu hili la ghorofa, ili kuzindua rasmi, kwa kishindo na kwa mujibu wa roadmap yetu ya miaka mitano, Kiti cha Meno Jumuishi, ambacho kwa maelezo ya andiko la mradi kinashuka mpaka usawa wa goti, ili mtu anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu ajihamishe mwenyewe bila kubebwa kama gunia la pamba, kisha kinapanda, kinalala, kinainuka, na kina taa isiyomchoma macho mwenye ualbino; kiti hicho kipo ghorofani, jirani na ukumbi wa vikao, ukishapanda ngazi kumi na nane. (Mzee mmoja anazihesabu ngazi kwa sauti, anathibitisha.)

Nashukuru, mzee wangu, takwimu zangu zimehakikiwa. Sasa, kuna watu wanauliza habari ya sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nimeisoma yote isipokuwa vifungu, na inasema, kwa kifupi cha mtu mwenye haraka, kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kutibiwa kama wengine, na kwamba jengo la huduma lisimfungie mlango wala kumwekea kikwazo. Sisi tumeipokea sheria hiyo, tukaijengea uelewa, tukaifanyia baseline, tuka-mainstream yale ya ku-mainstream, tukaandaa mwongozo wa kutekeleza mwongozo, na hatimaye, kwa usalama wake, tukaifungia kabatini. (Makofi. Bi Hyasinta, mkalimani wa lugha ya alama, anashusha mikono.)

Bi Hyasinta, mbona umeacha? Anasema ameipitia sentensi yangu mara mbili akitafuta kilichomo, amekosa. Basi pumzika, mwanangu, nikipata cha kusema nitakuita. (Viziwi wanacheka, wanaosikia wanacheka baada yao.) Nicheke tu na mimi. Nimehudhuria semina kumi na moja za haki za watu wenye ulemavu, zote ghorofani, na kitu pekee kilichoongezeka kwangu ni tumbo.

Nije kwenye ushirikishwaji, eneo ambalo Mpango wetu umeng'ara kuliko mipango yote niliyowahi kuisimamia, na nimesimamia mingi, mingine mpaka leo inanitafuta. Sheria inataka wenye ulemavu wawemo kwenye maamuzi. Nasi tulimteua Bi Gaudensia Nyamburi wa Kabasa, yule pale mbele kwenye baiskeli yake, karani wa mizani wa chama cha msingi cha pamba, mwanamke ambaye kilo ikipungua anaiona kabla ya mkulima. Bi Gaudensia alihudhuria vikao vyote vinne. Alihudhuria akiwa chini, pale pale alipo. Sisi tuliketi juu, na kila kikao kilipoiva tulimshushia daftari, anasaini, daftari linapanda. Wenzetu mijini wanatumia mtandao kwa mambo kama haya. Sisi tulitumia miguu ya mhudumu wa ofisi. (Makofi hafifu.)

(Bi Gaudensia anazungumza akiwa ameshika shavu: "Bwana Mratibu, mi nilikuwaga nauliza, huko juu mnazungumza nini? Mnaniambiaga, saini kwanza mama, chai inapoa. Na chai yenyewe sikuionaga.")

Hoja imepokelewa. Nitajibu kwa uwazi, kwa sababu uwazi ni nguzo yetu ya tatu. Kikao cha kwanza kilipitisha wazo. Kikao cha pili kilipitisha mchoro wa rampu, mteremko mzuri sana, nilitaka kuutundika sebuleni. Kikao cha tatu kiliiondoa rampu, baada ya kujiridhisha kuwa wajumbe wote waliokuwemo ukumbini walikuwa wamepanda ngazi bila shida yoyote. Aliyetoa hoja hiyo ni mtu mwenye akili nyepesi, na anaitwa Baltazari Keraryo. (Kicheko. Bi Hyasinta ameinua mikono, anatafsiri kwa haraka.)

Naomba nifafanue kwa nini Bi Gaudensia ameshika shavu, msije mkadhani ananibeza. Ni gego la chini, upande wa kushoto. Lilianza wakati mizani ya pamba inafunguliwa, na msimu ukafungwa nalo likiwa linaendelea. Fizi imefura, anatafuna upande mmoja, usiku anaweka karafuu. Alikwenda kliniki moja, nisiyoitaja, akaomba ling'olewe. Wakatazama orodha zao, wakamwambia kiti chao hakishuki, na kwamba mtu wa aina yake ana kiti chake maalumu Bunda, kwenye Mpango wa Bwana Keraryo, kwa hiyo aende huko. Ameambiwa hivyo mara mbili. Leo amekuja kwa sababu tangazo letu la redio lilisema atakuwa wa kwanza. (Minong'ono.)

Tulieni, ndugu zangu, nina takwimu. Tulilenga kuwafikia wenye ulemavu elfu nne katika awamu ya kwanza, kuanzia Bunda, kisha Butiama, kisha gari la meno linalotembea mpaka kwenye vijiji vya mwambao, na hadi kufikia leo asubuhi tumewafikia wawili. Wa kwanza ni mimi. Nilikwenda ziara ya mafunzo Mwanza kujionea viti, nikaombwa nikae kwenye kimoja kwa majaribio, na kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa wakaniziba jino. Ni hili hapa, wa mbele mnaliona. Katika taarifa nimeandikwa mwenye ulemavu wa muda, kwa sababu siku ile kiatu kilinibana. (Kicheko kinaanza, kinakatika.)

Wa pili, Bi Gaudensia, ni wewe.

(Bi Gaudensia: "Mimi nani amenitibu?")

Ile saini ya nne, mama, haikuwa ya mahudhurio. Lilikuwa daftari la wagonjwa waliohudumiwa, ambalo orodha yake hupelekwa kliniki zote. Limeandikwa: Gaudensia Nyamburi, gego la chini kushoto, limeng'olewa kwa ganzi, mgonjwa ameridhika. Nilipoisoma wiki iliyopita nilikasirika sana, nikasema nitamshughulikia aliyeandika uongo huu, nikavaa miwani, nikautambua mwandiko. Ni wangu. Naona aibu, ndugu wananchi. Aibu hii haimo kwenye andiko la mradi, nimeileta kutoka nyumbani. (Mikono ya Bi Hyasinta haisimami.)

(Bi Gaudensia: "Sitaki maneno mengi. Kumbe kule kliniki wananifukuzaga kwa ajili ya hiyo karatasi. Nileteeni hilo daftari niifute saini yangu, niende wakaning'oe.")

Ombi ni la haki, na linatekelezeka, na ningelitekeleza sasa hivi, isipokuwa daftari liko juu. Madaftari yameshushwa mara nne ili yasainiwe, na utaratibu wa kushusha daftari ili saini ifutwe haujapitishwa. Utahitaji kikao. Kikao kitafanyika ukumbini, na wewe, kama mjumbe, utaletewa cha kusaini. (Mzee wa Butiama anasimama, anaondoka na fimbo yake. Wengine wanamfuata.)

Msiondoke kabla ya kaulimbiu, imechapwa kwenye fulana. Nikisema "Kinywa changu", mjibu "Haki yangu". Kinywa changu! (Sauti moja, ya mtoto: "Haki yangu.") Meno kwa wote! (Hakuna anayejibu.) Hakuna atakayeachwa nyuma! (Hakuna anayejibu.)

Kwa kumalizia, nawashukuru mafundi, ambao hawakuwahi kuitwa. Namshukuru daktari wa meno wa Mpango, ambaye hajawahi kuajiriwa. Nawashukuru waliotengeneza Kiti cha Meno Jumuishi, ambao hawajui kuwa tuliwahi kukitaka, kwa sababu hakikuagizwa, na jirani na ukumbi wa vikao hakuna chumba, kuna kabati la sheria na baada yake ni ukuta. Na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe, Bi Gaudensia, uliyekubali kupona ili sisi tuwe na taarifa.