Kupinga Kuorodheshwa Kwangu Kama Bloku Mbovu

Kwa Ndugu Katibu wa Kamati ya Harusi, fundi wa simu na kompyuta, kaka wa bibi harusi, ambaye kabla ya vyeo hivyo vyote ni mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ukiacha haya nitakayoyaeleza. Ningekupigia simu kama binadamu wengine, lakini sababu ya kushika kalamu utaiona kwenye jambo la tatu, na ukishaiona utaona haya.

Nianze na kikao cha Jumapili, sebuleni kwa dada yangu, yaani mama yako. Ililetwa ile flashi nyekundu yenye sauti ya marehemu baba yenu, nasaha alizomwachia bibi harusi wiki mbili kabla hajatutoka. Ilikuwa imegoma. Ukaichomeka kwenye kompyuta, ukahangaika nayo, ikafunguka, tukashangilia. Ungenyamaza hapo tungeachana vizuri. Lakini fundi akishapigiwa makofi hanyamazi. Ukatueleza kwamba ndani ya flashi kuna maelfu ya vyumba vidogo viitwavyo bloku, na kwamba humo yumo msimamizi, chipu ndogo tu, mwenye orodha. Bloku ikishindwa kushika ilichoandikiwa, msimamizi anaitia alama, haiandikwi tena maisha, na kazi yake inahamishiwa kimyakimya kwa bloku ya akiba. Mwenye flashi hana habari.

Mama yenu mkubwa akasema hivyo ndivyo kamati inavyopaswa kuendeshwa. Nilicheka kuliko wote. Jumatatu nikakuta karatasi yenye mwandiko wako kwenye mlango wa friji ya dada: "Mjomba: bloku mbovu. Usiandike." Nilikuwa nimefuata maji ya kunywa, nikaondoka bila kuyanywa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimehukumiwa bila kusikilizwa. Nakiri kwamba kwenye harusi ya binamu yenu nilikabidhiwa funguo za ukumbi. Nakiri pia kwamba zilikutwa mfukoni mwangu baada ya saa mbili za kutafutwa, nami nikiwa kiongozi wa watafutaji. Lakini ulisema mwenyewe kwamba kosa dogo, kaherufi kamoja kugeuka, msimamizi hulirekebisha wakati wa kusoma, bila kelele. Langu lilikuwa kaherufi kamoja. Funguo zilikuwepo, mfuko ulikuwepo, ila nilikuwa napapasa mfuko wa kulia. Na zile picha za wageni wakisubiri nje ndizo nzuri kuliko zote za siku ile. Muulize mpiga picha.

2. Ulisema hata flashi mpya hutoka kiwandani na bloku mbovu kadhaa, na kiwanda huzitia alama mapema bila aibu. Sawa. Sasa niambie baba yenu mdogo alitiwa alama lini. Yule ametoka kiwandani hivyo hivyo, na bibi yenu, ambaye ndiye kiwanda, alikuwa akilisema hadharani. Leo amepewa viti mia mbili avilinde. Mimi nimenyimwa hata kimoja cha kukalia, na hilo linatupeleka kwenye jambo la tatu.

3. Neno "usiandike". Wewe ulimaanisha nisipangiwe kazi. Wenzako kila mmoja kalichukua kwa sikio lake. Wanaoandika meza waliiandika Jumatano wakaruka nafasi yangu, nikala nimesimama, sahani juu ya friji, uso kwa uso na ile karatasi. Mama yenu mkubwa alisikia "bloku" akanibloku kwenye simu, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba kuwafundisha wajumbe kubonyeza wapi. Hata wewe unayesoma hapa umenibloku, usijifanye hujui. Na mwashi, yule mjumbe wa jukwaa, ambaye kwake bloku ni tofali la ukuta, aliposikia nina bloku mbovu alikuja kwangu na nyundo, akagonga kuta zote huku ametega sikio. Alipata sita zenye mlio asioupenda, akaziondoa akaenda nazo. Sasa nakuandikia nikiwa sebuleni huku namwona jirani akipiga mswaki. Naye ananiona, na amesema nikusalimie.

4. Suala la akiba. Kazi yangu ya kufungua ukumbi amepewa Kimya, binamu yenu mwenye jina hilo kwa sababu hajawahi kujibu swali tangu azaliwe. Vizuri. Lakini ulituambia kwamba akiba ikiisha flashi hukataa kuandikwa kabisa, inabaki ya kusomwa tu. Nikakaa nikahesabu. Kamati ina watu kumi na wanne, na tangu Jumatatu wameonja utamu wa kutiana alama. Mpambaji kamtia alama mpishi. Mpishi kamtia alama mpiga muziki kwa kuchelewa kikao. Mama mkubwa kamtia alama mpambaji kwa kusinzia, na mpambaji anasema alikuwa akiwaza rangi. Kufikia jana wazima walibaki wanne, mmoja wao Kimya, ambaye hatuna njia ya kumuuliza kama ni mzima. Kwa mwendo huu Jumamosi tutakuwa na harusi ya kusomwa tu. Maharusi watafika, watatutazama, watarudi walikotoka.

5. Je, orodha yenyewe inakaa wapi? Nilikuuliza Jumapili ukajibu kwamba inakaa mumo humo ndani ya flashi. Basi na penyewe panaweza kuharibika, na tukifika hapo nani atajua nani ni mbovu? Nakuuliza kwa heshima, kwa sababu mwenye orodha ni wewe, na wewe uliahidi Jumapili kwamba sauti ya baba yenu utainakili kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Ikawa Jumanne. Sasa unasema Ijumaa, wateja ni wengi. Simu iliyoirekodi ilishakufa, kwa hiyo mpaka leo nakala ni hiyo moja. Kwa kanuni yako mwenyewe, aliyeshindwa kushika alichoandikiwa anatiwa alama. Nakutia alama kwa masikitiko. Kazi ya ukatibu inahamia kwa akiba inayofuata, na nimepitia majina yote kwa uadilifu mkubwa, nimekuta akiba inayofuata ni mimi.

Mpwa wangu, mzaha kando kidogo. Flashi ile ina bloku kumi na moja mbovu, ulizihesabu mbele yetu, na bado baba yenu anasikika humo kama yupo chumba cha pili. Siku anarekodi, simu niliishika mimi, kwa mikono miwili, dakika kumi na nane, na sikuidondosha. Bibi harusi hana mjomba mwingine. Inaniuma kwamba siku yake nitaingia ukumbini mikono mitupu kama mgeni aliyekosea mlango. Nataka kushika kitu. Si lazima kiwe na kufuli.

Kwa hiyo naomba jina langu lifutwe, mama yenu mkubwa aondoe kidole chake kwenye simu za watu, na mwashi anirudishie ukuta kabla ya mvua. Mkinikabidhi kitu na kikapotea, mnitie alama usoni kwa wino usiofutika, nami nitakaa kimya kumshinda Kimya.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Msalimie dada yangu, mwambie chakula cha Jumatano kilikuwa kitamu hata kwa wima. Msalimie mpishi na mpambaji, kila mmoja kwa wakati wake, maana hawasemezani. Baba yenu mdogo mwambie avihesabu viti.

Ni mimi mjomba wako,
nisiyeandikika lakini ninayesomeka vizuri tu.

Nyongeza, mgongoni mwa bahasha, kwa kuwa nimeshaigundisha:

Bibi harusi alipita hapa nilipokuwa naikunja barua, kabla sijaifunga bahasha. Hakugonga mlango, aliingilia ukutani. Akanipa ile flashi nyekundu nimtunzie hadi Jumamosi. Nikamweleza habari za orodha. Akasema, "Kaka ana orodha yake, mjomba. Mimi nina mjomba wangu." Nililia, sikufichi, na jirani ni shahidi. Kisha nikaiweka mahali salama kabisa, ambapo hata mwizi asingefikiria. Saa nzima sasa napatafuta, nami pia sipafikirii. Nimeitikisa bahasha hii na humo ndani kuna kitu kinagonga. Kama si flashi, basi ni ufunguo wa stoo ninaoutafuta tangu Jumanne. Tafadhali usinifute kwenye orodha mpaka utakapofungua. Na ukikuta ni ufunguo, dada yako usimwambie kitu, njoo hapa na kalamu na karatasi nyingi. Maneno ya baba yenu ninayo yote kichwani, mpaka na pale alipokohoa.