Goti Langu Lirudishwe Kuwa Goti Tu

Deventer, 14 Novemba

Kwa Bi. Van Rossum,
Mratibu wa Masomo, Kitivo cha Tiba

Bi. Mratibu,

Natumaini hujambo, na sipendi kukuharibia siku. Mimi ni Gerrit Oldenkamp, yule mwokaji mikate mstaafu ambaye kwa miaka kumi na mmoja amejifanya mgonjwa ili wanafunzi wenu wajifunzie kwake. Nalalamikia huu mtindo mpya wa kufundisha mambo yote kwa pamoja.

1. Zamani kila mwalimu alikuwa na kiungo chake. Jumanne niliumwa nyongo, Alhamisi goti, na viungo hivyo havikujuana. Leo nikiumwa goti tu wananijia walimu watatu kwa mpigo: wa mifupa, wa dawa, na wa huzuni.

2. Kwa ajili ya huyo wa huzuni, karatasi yangu ya maigizo inasema nimefiwa na mke. Mke wangu Hennie aliisoma mezani. "Umeshanizika?" akasema. "Basi kahawa jitilie mwenyewe." Hii ni wiki ya pili najitilia.

3. Hili ndilo lililonichoma. Mwanafunzi mmoja, Jorinde, aliliacha goti, akabonyeza vifundo vya miguu yangu, ambavyo kweli vimevimba, akapima presha, kisha akaniambia, "Mzee Gerrit, hebu toa hicho unachomumunya." Ilikuwa pipi nyeusi ya urukususi, ule mzizi mtamu, ile iliyotiwa chumvi. Hukaa mfukoni mwa suruali, nami nala pakiti nzima kila siku, kama alivyokula baba. Akasema hizo ndizo zinazonipandisha presha, niache. Nina hasira mpaka sasa. Pipi hazimo kwenye karatasi, Bi. Mratibu. Mimi nililetwa niumwe goti.

Kwa hiyo naomba maswali ya wanafunzi yasivuke paja, na mfuko wa suruali utangazwe rasmi kuwa si kiungo cha mwili. Ikishindikana, tafuteni goti lingine.

Wasalimie walimu wote watatu, hasa wa huzuni. Hennie, ingawa ni marehemu, anakusalimu.

Wako mtiifu,
Gerrit Oldenkamp

N.B. Barua hii imekaa wiki tatu bila stempu. Niliacha pipi ili nimuumbue yule binti. Presha imeshuka na miguu imenywea. Daktari wangu, aliyesoma kwa mtindo wa zamani, amenipa vidonge vya presha miaka tisa na hakuwahi kuniuliza nala nini. Tafadhali nipangieni Jorinde tena Alhamisi. Na kwenye karatasi mnifufulie mke: Hennie ana kizunguzungu, anataka naye aulizwe.