Krismasi ya Oktoba kwa Akina Bramhall

Jumatatu, 17 Oktoba 1966

Los Angeles. Joto la kuyeyusha lami. Tumepewa sweta za sufu, skafu na glavu. Krismasi ya televisheni hurekodiwa Oktoba. Aliyepanga hivyo hajawahi kuvaa sufu.

Leo tumesoma mchezo mezani. Akina Bramhall ndicho kipindi cha vichekesho kinachopendwa kuliko vyote Jumatano usiku. Safari hii mama mwenye nyumba, yaani Bea Callender mwenyewe, anaandaa sherehe ya Krismasi ili mumewe apandishwe cheo. Bata mzinga anaungua. Bosi anafika mapema. Kisha mlango unagongwa, na nani wanaingia? Sisi! Wanne wa Duluth, waimbaji waalikwa! Nyimbo mbili. Na sentensi moja: "Krismasi njema, Bi. Bramhall!"

Kapewa Russ. Mwongozaji, Bwana Gelber, hata hakufikiri. Alitupia macho meza nzima, akamwona Russ Tolliver, besi wetu, mrefu, meno yote yapo, akasema wewe hapo, utasema wewe. Nimeimba sauti ya kati katika kundi hili miaka kumi na minne. Russ ana mitatu.

Baadaye Everett Stoll, kiongozi wetu, alituita kwenye maegesho ya magari. Habari mbaya. Hoteli moja ya kamari huko Reno inatutaka majira yote ya baridi, lakini jukwaa lao ni dogo. Wanataka watu watatu. Watatu! Alisema atatangaza Jumamosi, tukishamaliza kurekodi. Gil, anayeimba teno ya pili, akatazama viatu vyake. Russ akasema jamani, tusivunjike moyo. Everett hakunitazama mimi hata mara moja. Nimeelewa.

Mkakati: mwenye sentensi hawezi kuachwa. Sentensi lazima iwe yangu. Russ akipoteza sauti, atapewa nani? Anayesimama karibu naye. Mimi.

Jumanne, 18 Oktoba

Maziwa hujaza koo makohozi. Kila mwimbaji anajua. Asubuhi, kabla ya kwenda kurekodi nyimbo, nilimwalika Russ mkahawani nikamwagizia maziwa yaliyopigwa na aiskrimu, gilasi kubwa. Akamaliza. Nikaagiza nyingine. Akaniuliza, "Wendell, kaka, umeota nini jana? Mbona wema wote huu?" Ili asishuku, nikanywa naye, gilasi kwa gilasi. Ya mwisho ilikuwa ya stroberi.

Russ kalelewa Wisconsin katikati ya ng'ombe. Sikuwa na habari. Aliimba kama kinanda cha kanisa.

Mimi nilisikika kama bawaba isiyotiwa mafuta. Fundi sauti alisimamisha wimbo akauliza nani kameza chura. Sote tunaimba kwenye maikrofoni moja, kwa hiyo dawa ni moja tu: anayeharibu anarudi nyuma. Nikarudi. Bado. Nikarudi tena. Bado. Mgongo ukagusa ukuta. Fundi akasema, kwa adabu kabisa, "Mzee, hebu jaribu koridoni." Nyimbo zote mbili nimeziimbia koridoni. Kwenye ubeti wa mwisho mtu alifunga mlango.

Kisha wakatupigia kanda. Nilisikiliza kwa makini, nikijitafuta. Simo. Hata pale ambapo sauti ya kati inashuka na wenzangu wote wananiegemea, hapakuwa na pengo lolote. Everett alifuta macho. Alisema hatujawahi kuimba vizuri hivi tangu tutoke Duluth. Hakuna aliyenigeukia. Nilikohoa. Nikasema ndiyo, tumejitahidi.

Jumatano, 19 Oktoba

Mazoezi ukumbini. Mbele ya kamera hatutaimba. Kanda itapigwa nasi tutachezesha midomo. Ndiyo desturi ya hapa. Wenzangu wanaigiza sauti zao. Mimi naigiza sauti za wenzangu. Gelber kanisifu mbele ya watu: midomo yangu inakwenda na wimbo kuliko ya wote! Nilifurahi mpaka wakati wa chakula, ndipo nikaifikiria vizuri ile sifa.

Mkakati mpya. Kama sisikiki, nionekane. Sakafuni kila mtu ana alama yake ya utepe wa gundi, ndipo anaposimama. Wa Russ ni mwekundu, karibu kabisa na Bea Callender. Wangu ni wa kahawia, juu ya sakafu ya kahawia, pembeni. Watu walipokwenda kula nilipiga magoti nikabadilisha alama: yangu kwa Bea, ya Russ pembeni.

Nikafumaniwa. Bi. Ardith Quill, mmoja wa wale wanaolipwa kuwa wageni wa sherehe, alikuwa nyuma ya sofa na sandwichi yake. Watu hawa hucheza dansi na soksi, bila viatu wala muziki, ili waigizaji wasikike. Ukiwaona unaogopa: chumba kizima kinarukaruka, kimya kama msibani. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo.

"Kifungo chekundu, chenye gundi?"

Nikajifanya naendelea kutafuta. Akaniambia, "Haya, mdogo wangu. Mimi nimealikwa Krismasi nyingi ndani ya nyumba hii, na hakuna aliyewahi kuniambia hata 'karibu'. Sikuoni mbaya." Nilimwarifu kwamba mimi si mgeni wa nyuma, mimi ni msanii mwalikwa. Akasema, "Sawa, msanii. Umepigia goti mayonezi yangu."

Suruali imeharibika.

Alhamisi, 20 Oktoba

Siku ya kamera. Alama zangu zilifuatwa bila swali. Nilisimama bega kwa bega na Bea Callender! Ananukia limau. Aliniuliza kama mimi ndiye dereva.

Kisha Gelber akatoka mbio kwenye chumba chake cha vioo, anapiga kelele Russ yuko wapi, mbona Russ hamwoni. Nikangoja amwite Russ arudi. Hakumwita. Akahamisha sherehe. Sofa, meza, bosi, bata mzinga, kamera, Bea, vyote vikasukumwa upande wa Russ. Mti wa Krismasi ukakosa pa kwenda. Wakauweka mbele yangu.

Everett akauliza nani kachezea alama. Nikasema huenda wafagizi. Akanitazama, safari hii muda mrefu.

Nilimwuliza mpiga picha ninaonekanaje. Akachungulia vizuri, si mtu mbaya. Akasema kiwiko cha kulia kinaonekana safi.

Ijumaa, 21 Oktoba

Imekwisha.

Watazamaji walijaa mabenchi yote. Sisi wanne tulisimama nyuma ya mlango wa bandia, gizani, tukingoja zamu. Juu yetu mtu wa ngazi alitumwagia theluji. Theluji yenyewe ni sabuni ya chenga. Mimi natoka jasho kuliko wenzangu. Nikaanza kutoa povu.

Nikawaza: kesho Everett anatangaza. Sauti sina kwenye kanda. Sura iko nyuma ya mti. Kimebaki nini? Koo. Na koo lilikuwa safi! Ndani, Bwana Bramhall alikuwa anambembeleza bosi wake kuhusu cheo. Everett akainua mkono kugonga. Sikumngoja.

"KRISMASI NJEMA, BI. BRAMHALL!"

Gil akanishika mkono kama mtu anayetaka kuanguka. Nikajua nimekufa. Ndipo nikamsikia Bea, bila kubabaika: "Usifungue! Ni yule muuza mifagio!"

Kicheko! Ukumbi ulitikisika. Nilikisikia kwa miguu, kupitia mbao. Kwa sababu yangu! Mlango ukafunguliwa, tukaingia, kanda ikapigwa, nikachezesha midomo nyuma ya mti na povu machoni, na sijawahi kufurahi hivyo.

Tulipomaliza Gelber alikuja amefungua mikono. Nikafungua yangu. Akamkumbatia Russ. Sauti kama ile, akasema, itoke kwa nani mwingine? Nisimsingizie Russ: alikataa, alisema ni Wendell. Gelber akawageukia watu. "Na hajivuni! Mnamwona huyu? Hajivuni!"

Everett hakunigombeza. Alitoa leso akanifuta povu sikioni, polepole, kama mtu anayemfuta mgonjwa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 22 Oktoba

Everett alinipeleka kunywa kahawa. Yake hakuigusa.

Alisema watu wa Reno walitaka kusikia kitu kabla ya kutia sahihi. Akawapelekea kanda ya Jumanne. Jibu limekuja: hao hao, hivyo hivyo, msibadilishe kitu.

"Wendell, ndugu yangu," akasema, "mle ndani tuko watatu tayari."

Nilimkumbusha kwamba nilikuwapo, koridoni. Akasema anajua. Nikasema siku ile nilikuwa mgonjwa. Akasema Russ kamsimulia habari za maziwa, akicheka, bila kujua anasimulia nini. Kisha akaniambia jambo ambalo bora angelinyamazia. Aliyekuwa aachwe ni Gil. Mke wake ni mjamzito na hataki mume wa safarini. Everett alikuwa ameshaamua, tangu Jumatatu pale kwenye magari. Alishindwa kunitazama kwa sababu Gil angemwona na kuelewa.

Nilirudi kwa miguu. Sweta wameniachia. Hakuna aliyekuja kuidai.

Nimeichambua wiki nzima, siku moja moja, ili kosa lisijirudie. Kosa ni stroberi. Ningekomea vanila.

Jumatano, 21 Desemba

Bado nimepanga kwa Bi. Dombeck, hapa hapa Los Angeles, chumba cha nyuma. Mchana nauza tai katika duka kubwa. Wateja wananiambia nina sauti ya upole.

Leo jioni simu ya koridoni ililia. Everett! Kutoka Reno! Mke wa Gil kakimbizwa hospitali, Gil kapanda ndege. Sehemu yake naijua yote. Anahitaji mtu mpaka Mwaka Mpya, na Gil asiporudi, mpaka majira ya baridi yaishe. Basi linaondoka usiku huu. "Njoo, Wendell. Nakuomba, bwana." Kaniomba! Sanduku langu halijafunguliwa tangu Oktoba.

Lakini mtu anayeombwa haonyeshi haraka. Nilimjibu kwamba nina mialiko mingine. Kwamba jina langu litaandikwa juu ya la Russ. Kwamba sina budi kumwuliza wakala wangu kwanza. Sina wakala. Nilisikia mashine za kamari zikilia nyuma yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Krismasi njema, Wendell," akakata.

Barabara. Ameshtuka. Sasa anapiga hesabu.

Nimeleta kiti hapa kwenye simu. Kipindi chetu kimeonyeshwa usiku huu. Nimekitazama nusu, kupitia mlango wa sebule. Bi. Dombeck aliniita niingie nijione. Nikasema siwezi kutoka hapa. Pale kwenye muuza mifagio alicheka mpaka akajipiga mapaja. Nikapaza sauti kwamba huyo ni mimi. Akasema, "Shh, Wendell, tunasikiliza." Kisha wimbo. Kiwiko kimetokea mara mbili. Kimetulia.

Sasa Bi. Dombeck kasimama mbele yangu, anataka kumpigia dada yake Omaha. Nimemwambia laini mbovu. Kituoni watakuwa wanapakia mizigo. Everett atapiga tu. Akipiga nitaongeza na sharti la chumba chenye dirisha.