Nywele za Johari

Jumatatu, 23 Juni
Bi Zeina, mama mwenye nyumba wangu hapa Kariakoo, kaenda Unguja harusini. Kaniachia Johari, paka wake wa Kiajemi: mweupe, manyoya marefu mpaka yanaburuzika sakafuni. Kasema nimchane kila baada ya Magharibi. Akirudi tutazungumzia ile fremu ya mbele, chumba cha duka anachokodisha. Fremu! Mimi na meza yangu ya jezi tumechoka kukaa barazani. Uwesu wa kava za simu naye anaitaka. Lakini paka nimeachiwa mimi, Anselmi.

Jumanne, 24 Juni
Kesho mechi ya watani, Simba na Yanga, na jezi nyekundu za Simba hazitoki. Nikapata wazo. Nikampeleka Johari kwa Khalfani kinyozi, amnyoe mwili mzima, abakize shingoni na kishungi mkiani. Khalfani aliuliza kama mwenyewe anajua. Nikasema anajua. Johari hakulia. Alinitazama tu, nami nikatazama bango la mitindo ukutani.

Jumatano, 25 Juni
Simba kamili juu ya meza! Watu wamejaa, wanapiga picha, jezi nyekundu zimekwisha kabla ya adhuhuri. Uwesu kajitolea kuzisambaza picha, bila kuombwa. Kumbe nilimdhania vibaya.
Jioni nilishika kitana. Sikuona pa kuchana.

Ijumaa, 27 Juni
Bi Zeina karudi mapema. Picha zilimfikia hukohuko harusini. Na nilisahau kabisa kwamba yeye ni Yanga, hata mapazia yake ni ya kijani na njano. Nilijiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alisema tu kwamba marehemu mumewe, Mzee Nasor, ndiye aliyekuwa akimchana Johari kila Magharibi, na kwamba yeye akimchana hujiona bado wapo watatu chumbani. Akamfunika paka kwa mtandio wake, akaingia ndani. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 28 Juni
Fremu kapewa Uwesu. Imeniuma. Imeniuma zaidi kumwona Bi Zeina dirishani, Johari mapajani, kitana mkononi, hana la kukifanyia. Nimejuta kwa moyo wote. Kuomba radhi kwa maneno hakutoshi.
Bahati nzuri nywele za shingoni zipo. Nyeupe, zitashika rangi vizuri. Nimeshanunua ya kijani na ya njano. Kesho Bi Zeina akienda sokoni, namchukua Johari. Safari hii ni timu yake mwenyewe, ataachaje kufurahi?