Sketi Nyeupe ya Misa ya Mavuno

Jumatatu, 1 Juni
Damu tena. Matone tu, lakini yanatosha kuniharibia. Nilianza vidonge vya uzazi wa mpango Aprili. Mwanangu hata kutembea bado. Jumapili ni Misa ya Mavuno, na mimi ndiye ninayeongoza wimbo wa matoleo, mbele ya parokia nzima, kwa sketi nyeupe. Stefania, mwenzangu wa kwaya, anaumezea mate wimbo huo tangu Pasaka. Nimeamua: leo naruka kidonge, na kesho pia. Kidonge kikipumzika, damu nayo itapumzika.

Jumatano, 3 Juni
Imeongezeka. Nimekwenda zahanati. Nesi Agnella kasema matone miezi ya mwanzo ni kawaida, hupungua yenyewe. Kuruka vidonge ndiko kunakoyazidisha. Nimeze kila siku, saa ile ile. Wiki hii mimi na mume wangu tutumie kondomu. Damu ikiwa nyingi au tumbo likiuma sana, nirudi haraka. Saa ile ile, mimi ambaye hata wali wangu hauna saa.

Ijumaa, 5 Juni
Akili ni mali. Mazoezini nimelalamika kwamba vumbi la bodaboda linaaibisha sare nyeupe, tuvae zile za zamani, za rangi ya damu ya mzee. Mwalimu Hilari kakubali papo hapo. Kisha akaongeza: kiongozi wa wimbo abaki na nyeupe, aonekane vizuri. Stefania kapiga makofi. Nimemwona.

Jumapili, 7 Juni
Ubeti wa pili, nikaihisi damu. Nikaendelea kuimba, magoti yamebanana, macho kwenye kapu la mpunga. Mara Stefania katoka mstarini akicheza, akanifunga khanga kiunoni. Watu wakadhani ananitunza. Vigelegele! Akina mama watatu nao wakaja na zao. Nimemaliza wimbo nikiwa na khanga nne, nimevimba kama gunia.
Nje Stefania akaninong'oneza kuwa hakuna aliyeona kitu, na kwamba yeye sindano ya uzazi wa mpango ilimsumbua hivyo hivyo miezi mitatu, akajificha peke yake. Nimelia. Sikutegemea, hasa kutoka kwake.

Jumatatu, 8 Juni
Jana kwa furaha nimesahau kidonge. Si neno. Leo nimemeza vitatu kwa mpigo, cha jana, cha leo na cha kesho, hivyo kesho napumzika. Nesi atashangaa.
Khanga ya Stefania nimeifua, lakini sirudishi kwanza. Namchunguza. Noeli inakuja na wimbo wake wa kuongoza, na mtu hakufungi khanga bure.