Mfumo wa Ulaya na Marehemu Bakary

Jumatatu, 16 Juni 2025. Nachingwea.
Wafadhili wa visima wameandika: tuachane na mfumo wa Kimarekani wa kupanga na kufuatilia kazi, tutafute wa Ulaya. Atakayeleta mzuri kufikia Ijumaa ndiye mratibu. Mimi, au Gaudensia wa ofisi ya Ruangwa. Gaudensia! Anayecheka hata salamu zangu. Nimepata wa Wafini. Majaribio ni bure, ila unadai watumiaji watano. Sisi tuko wanne. Nikamwandikisha Bakary, fundi wetu wa pampu. Kweli, tulimzika mwezi uliopita. Mfumo utajuaje?

Jumanne, 17 Juni.
Nimempa Bakary pampu mbovu ya Mbekenyera. Dada yake, Zaitun, anayetupikia chai ofisini, akaliona jina kwenye kompyuta, akatua birika. Akasema jina la kaka yake halijarithiwa. Mpaka ukoo umtaje mrithi, marehemu haitwi, sembuse kutumwa kazi. Nikamwambia mfumo ni wa Ulaya, mila zetu hauzijui. Akaniuliza kama Bakary naye hazijui. Chai ilinishinda.

Jumatano, 18 Juni.
Pampu ya Mbekenyera: imekamilika. Aliyekamilisha: Bakary. Gaudensia huyo, kaiba neno la siri aniharibie! Nikapanda bodaboda kuhakikisha, mgongo nusura ukatike. Maji yanatoka! Kina mama wakasema fundi alikuja alfajiri, mpole, uji akaukataa, ananuka udongo mbichi. Niliogopa, nisidanganye. Halafu nikafikiria ripoti yangu, nikapata nafuu.

Alhamisi, 19 Juni.
Nimempa pampu za Likunja na Mandawa pia. Adhuhuri zote zimekamilika! Gaudensia kapiga simu, leo hacheki. Eti nimfute Bakary upesi. Amekutana naye Likunja, kabeba spana, anasema mfumo wangu ndio uliomtuma, anauliza kama nipo ofisini. Wivu mtupu.

Ijumaa, 20 Juni.
Mratibu ni mimi! Zaitun hakuja kazini. Jioni nafungua mfumo, kuna kazi mpya. Aliyeituma: Bakary. Mhusika: mimi. Ameandika kwamba amechoka, nimfuate tukasaidiane, mwisho leo. Na mlangoni kuna mtu anabisha hodi. Harufu ya udongo mbichi. Lakini mratibu hakosi njia. Nimemwandikisha marehemu mjomba Harithi, mtu wa nguvu sana enzi zake, nikamhamishia kazi hiyo.

Sasa wanaobisha ni wawili. Najaribu kukumbuka nani mwingine alifariki.